Kuchelewa, si Mchelewaji

Programu nyingi za kuendeshea shule zina sehemu ya tabia ya wanafunzi, na sehemu hiyo karibu kila mara hufika ikiwa tupu. Ada zimepangiwa safu zake, mahudhurio yana mahali pake, matokeo ya mitihani yanajijumlisha yenyewe. Lakini ukifungua ukurasa wa tabia unakuta visanduku vitupu vinavyosubiri majina. Andika aina ya tukio. Andika pointi zake, za kuongeza au za kupunguza. Chagua atakayeona: mwalimu wa darasa peke yake, mwalimu wa nidhamu, mkuu wa shule, au mzazi kwa ujumbe wa simu. Weka kiwango ambacho pointi zikikifikia, ujumbe utajituma bila mtu kubonyeza chochote.

Mara nyingi kazi hiyo hukabidhiwa kijana anayeshughulikia kompyuta za shule, naye huimaliza kabla ya chai ya saa nne kwa kugeuza kwa Kiswahili mfano wa Kiingereza aliopewa. Simlaumu. Lakini naona hii ni kazi ya chumba kizima cha walimu, na hasa ya wale wanaojali maneno, kwa sababu jina likishaandikwa pale halijadiliwi tena. Litachaguliwa kwa kidole kimoja kila siku ya masomo, na litamshukia mtoto ambaye hakuwapo lilipochaguliwa.

Tuanze na jina la ukurasa wenyewe. SIMS, programu iliyoanzia mikononi mwa mwalimu mmoja wa Bedfordshire, Uingereza, miaka ya 1980, kisha ikaenea katika shule nyingi za nchi hiyo, ilitenga rekodi mbili: upande mmoja mafanikio, upande wa pili tabia. Mema yakaitwa mafanikio, na neno tabia likaachiwa mabaya. Kwa hiyo mtoto mwenye rekodi ndefu ya tabia, kwa lugha ya programu ile, ni mtoto mwenye makosa mengi.

Kiswahili hakiko mbali na hapo. Sema "mtoto huyu ana tabia ya", kisha nyamaza kidogo. Msikilizaji amekwisha kujiandaa kusikia baya. Ya kudokoa, ya kujibu, ya kulala darasani. Ukitaka jema, lazima ulitangulize kwa kivumishi: tabia njema, tabia nzuri. Adabu haiendi hivyo. Adabu mtu anayo au hana, na asipokuwa nayo tunasema utovu wa adabu, kama tunavyosema utovu wa nidhamu. Tena adabu ikishapewa kitenzi hubadilika sura: kumtia mtu adabu ni kumpa kipigo, na aliyeshikishwa adabu kwa kawaida ameshikishwa kwa maumivu. Ukiandika "Adabu" juu ya ukurasa, mtoto wa darasa la tano atasikia fimbo kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Nidhamu ndilo neno ambalo wengi wangelichagua, nami nalipenda kuliko yote haya, na kwa sababu hiyohiyo nisingelitumia. Katika Kiarabu lilikotoka, mzizi wake ni wa kutunga: kutunga lulu katika uzi mmoja, na kutunga maneno katika ubeti. Washairi wetu walirithi kitenzi nadhimu, yaani kutunga shairi kwa kufuata kanuni zake. Nidhamu basi ni mpangilio wa vitu vingi pamoja, na lulu moja haina mpangilio. Kengele ikilia na mwalimu yuko darasani, kitabu kipo, choo kina maji, zamu ya usafi inajulikana, hapo shule ina nidhamu. Kumpa mtoto mmoja pointi tatu za nidhamu ni kumtwisha sifa au lawama ya kitu kinachofanywa na shule nzima. Watanzania wana usemi mwingine unaonizuia: nidhamu ya woga. Usemi huo unamtaja mtu anayenyooka akitazamwa na kupinda akiachwa peke yake, na programu inayohesabu pointi ni jicho lisilofumba. Sioni kwa nini tulipe jicho hilo jina linalotukumbusha woga.

Neno ninalolichagua ni mwenendo. Limetoka kwenye kwenda, kupitia enenda, na bado linabeba mwendo ndani yake. Tunasema mwenendo wa bei, mwenendo wa kesi, mwenendo wa mgonjwa wodini: kitu kinachofuatiliwa kwa sababu kesho kinaweza kuwa vingine. Karatasi za ripoti za sekondari za Tanzania zimeandika "tabia na mwenendo" kwa miaka mingi, na mwalimu wa darasa ameweka herufi mbele ya bidii ya kazi, utunzaji wa vifaa, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu. Maneno hayo mawili yalikaa pamoja kama pacha. Ningewatenganisha, nikabaki na yule anayetembea.

Sasa pointi, neno ambalo mtengenezaji wa programu aliyeko mbali hawezi kujua lina nini ndani yake huku kwetu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania, pointi zikiwa chache ndiyo bora. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17. Ya pili 18 hadi 21. Ya tatu 22 hadi 25. Ya nne 26 hadi 33. Na aliye na 34 au 35 amepata sifuri. Mzazi anayetangaza mtaani kwamba binti yake amepata wani ya saba anatangaza kilele. Vuka mpaka uingie Kenya, hesabu inageuka: katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, A ni pointi 12, na masomo saba yakijumlishwa ukomo ni 84. Programu ileile, ikituma ujumbe uleule kwamba mtoto wako amefikisha pointi 35, itamfurahisha mama aliyeko Eldoret na kumtia wasiwasi mwenzake aliyeko Dodoma, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa.

Alama nayo ina shida ya namna nyingine. Alama ni maksi za mtihani. Mzazi akiambiwa mwanawe ameongeza alama tano atauliza ni za somo gani. Alama ni pia kovu na chapa, kitu kisichofutika. Nimefikiria nyota, ambayo watoto wa chekechea wanaipenda, lakini mvulana wa kidato cha tatu hataki nyota.

Napendekeza vema. Kila aliyesoma kwa Kiswahili analijua: ndilo jina la ile alama ya kalamu nyekundu anayopewa mwenye jibu sahihi, na maelekezo ya mitihani bado yanamwambia mtahiniwa aweke alama ya vema kwenye kisanduku. Ni neno letu la siku zote la kusema jambo limefanyika inavyopasa. "Asha amepata vema tatu wiki hii" ni sentensi ambayo bibi yake ataielewa bila kuelezwa. Kuna faida nyingine iliyonishawishi zaidi: vema halikubali kutolewa. Pointi zinaweza kuwa hasi. Programu nyingi zitaonyesha chini ya picha ya mtoto namba yenye kistari mbele, hasi 14, kana kwamba yuko chini ya kutokuwapo. Lakini vema hasi haipo. Aliyesaidia kubeba madawati Jumatatu akachelewa Jumatano, bado alibeba madawati. Programu ikilazimisha kujumlisha yote mawili, weka sifuri kwenye kisanduku cha pointi za makosa. Nyingi zinakuruhusu, na kosa litaandikwa lenyewe bila kula jema lililotangulia.

Nifike kwenye malipo ya mema. Anayetafsiri haraka huandika "thawabu", kwa kuwa kamusi nyingi ndizo zinazompa hilo. Mtoto wa Lamu au Unguja aliyetoka madrasa jana jioni anajua thawabu ni nini, ziko kwa nani na nani anazihesabu. Mwalimu wa zamu hana uwezo wa kugawa thawabu, na shule inayoliazima neno hilo kwa ajili ya kalamu na madaftari inalishusha mahali ambapo halikuumbiwa. Zawadi ni kitu chenyewe, daftari au mpira, na kwa kazi hiyo linafaa.

Tuzo ndilo lenye utajiri. Linatokana na kutuza, na kutuza bado kunaonekana kwa macho katika taarabu na ngoma za harusi: mtu aliyeguswa na wimbo huinuka, akacheza hadi mbele, akamtuza mwimbaji noti. Hakumwahidi. Hawakupatana kwamba ubeti wa tatu ukiimbwa vizuri noti itakuja. Jema lilitangulia, shukrani ikafuata. Kamusi za zamani huweka tuza na tunza karibu sana, kwa sababu kumtunza mtu ni kumwangalia kwa upendo na pia ni kumpa kitu kwa kuridhika na alichofanya. Lililopatanwa kabla ya kazi lina jina lake tofauti, nalo ni ujira. Ujira ni haki, unadaiwa, na usipotoka kuna ugomvi.

Tofauti hii ambayo lugha yetu iliiweka zamani ilipimwa baadaye katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1973, waliwachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo watachora. Kundi la pili walichora tu, kisha wakapewa cheti kama kile bila kuambiwa mapema. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, mtoto achukue akitaka. Walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa cheti bila ahadi hawakupungukiwa na hamu. Cheti kilikuwa kilekile kwa makundi mawili, lakini kwa wa kwanza kilikuwa ujira na kwa wa pili kilikuwa tuzo, na ujira uligeuza mchezo wao kuwa kibarua.

Jambo hilo lina matokeo kwenye ukurasa wa mipangilio. Programu itakuuliza: pointi ngapi kwa zawadi gani? Ukijaza hamsini kwa kalamu na mia kwa fulana, umeweka ujira, hata kama juu yake umeandika tuzo. Watoto wa Kenya watautambua mara moja, kwa sababu wamekua wakiona wazazi wao wakikomboa Bonga Points za kampuni ya simu ya Safaricom: tumia zaidi, upate zaidi. Mimi ningekiacha kisanduku hicho wazi. Ningeweka kitufe kimoja kinachoitwa "Tuza", kinachobonyezwa na mwalimu aliyeona jambo likamgusa, na kinachomdai aandike aliona nini.

Hapa ndipo sarufi inapoingia, na kwangu ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Orodha ya makosa inayoshuka ukibonyeza mshale kwa kawaida husomeka hivi: utoro, uchelewaji, uvivu, ubishi, udokozi, utovu wa nidhamu. Yote ni majina ya ngeli ya U, na nyuma ya karibu kila moja kuna mtu anayesubiri kuitwa: mtoro, mchelewaji, mvivu, mbishi, mdokozi. Herufi moja tu inabadilika. Kiswahili kina njia ya tatu, na ni ya kawaida kabisa: kutoroka, kuchelewa, kubishana, kudokoa. Jina linaloanza na ku- linataja tendo. Lina mwanzo na mwisho, linafanyika mahali fulani saa fulani, na likiisha mtu anabaki mtu. Jina la u- linataja sifa iliyokaa ndani yake. La m- limemla mzimamzima.

Jaribu kuandika orodha nzima kwa ku- na utaona baadhi ya makosa yanakataa. Uvivu haukubali. Hakuna kitenzi cha siku moja kinachosema uvivu, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kuuona kwa macho. Alichokiona ni mtoto ambaye hakumaliza zoezi la hesabu. Pengine hakuelewa, pengine hakuwa na daftari, pengine alikesha hadi saa saba usiku akichambua dagaa na mama yake. "Kutomaliza zoezi" linaingia kwenye orodha. "Uvivu" linabaki nje. Kiburi nacho kibaki nje, na ujeuri pia. Haya ni maoni yetu juu ya watoto, na programu haina kisanduku cha maoni yaliyokosewa.

Viambishi vya wakati vinafanya kazi hiyohiyo. Amechelewa ni habari ya asubuhi. Alichelewa ni ya jana. Huchelewa ni hukumu, kwa kuwa hu- haina siku. Sasa tazama programu inavyofanya: inapokea amechelewa tatu, inazijumlisha, na mwisho wa muhula inatoa huchelewa. Hakuna mwalimu aliyeitamka. Imetokana na kujumlisha tu. Angalia maingizo mawili ya siku moja. La kwanza: "Uchelewaji. Pointi −2." La pili: "Kuchelewa. Jumanne, alifika saa 1:40 asubuhi, mstarini pameshatawanyika. Alisema alimpeleka mdogo wake kliniki." La kwanza likirudiwa mara tatu linazaa mchelewaji. La pili likirudiwa mara tatu linamzaa mwalimu anayeuliza kwa nini nyumbani hakuna mtu mwingine wa kumpeleka mtoto kliniki.

Mtaala wa umilisi wa Kenya ulionyesha kwamba istilahi za namna hii zinawezekana na zinaweza kuzoeleka. Viwango vyake vinne kwa Kiswahili husema kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Hata cha chini kabisa kinasema kazi imesimama wapi, na aliye mbali anaweza kusogea. Hakuna neno pale linalomgeuza mtoto kuwa aina ya mtu.

Kuna kitabu ambacho ukurasa huu wa kompyuta umekirithi, na shule za Tanzania zinakijua vizuri. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, ambazo ziliweka ukomo wa viboko vinne kwa wakati mmoja, ziliagiza pia kila tukio liandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na jina la mwalimu aliyechapa. Sitetei fimbo. Kenya iliiondoa shuleni mwaka 2001, na Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na kumsumbua mwanafunzi kiakili, na ubao wa pointi unaoonyeshwa darasa zima huku jina la mtoto mmoja likiwa mkiani kila wiki hauko mbali na hilo la pili. Lakini kitabu kile cha zamani kilikuwa na safu moja ambayo programu mpya huisahau: jina la aliyetenda.

Nalisema hilo kwa sababu ya neno hatua. Wengi wanaokwepa "adhabu", na wana haki ya kulikwepa kwa kuwa ni neno la mateso hata kaburini, huandika "hatua iliyochukuliwa". Ni zuri, hatua ni kitu cha miguu, linaendana na mwenendo. Ila katika Kiswahili cha ofisini hatua huwa hazina mwenyewe. Hatua kali zitachukuliwa, hatua stahiki zimechukuliwa. Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Kwa hiyo safu iwe na mwenziwe, "aliyechukua hatua", na programu isikubali kuhifadhi ingizo kama safu hiyo iko tupu. Na zilizo chini yake zisemwe jinsi watu wanavyosema: kubakizwa baada ya masomo, kuitwa kwa mzazi, kusimamishwa masomo. Mzazi akisoma "kizuizi" badala ya kubakizwa, kama ilivyotafsiriwa mahali pengine, atafikiri mwanawe yuko polisi.

Lipo pia suala la muda. Kitabu cha adhabu kililiwa na mchwa au kilichomwa moto jengo lilipohamishwa. Kumbukumbu za kompyuta haziozi. ClassDojo, programu ya darasani iliyoanzishwa mwaka 2011 na Sam Chaudhary na Liam Don, na ambayo upande wake wa makosa unaitwa kwa maneno yenye maana ya "panahitaji kazi", iliulizwa sana mwaka 2014 kuhusu kuhifadhi rekodi za tabia za watoto, ikatangaza kwamba haitazihifadhi zaidi ya mwaka mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Mwenye kupanga ukurasa huu atafute kitufe cha muda wa kuhifadhi kabla hajatafuta kitufe cha rangi. Mwaka wa masomo ukiisha, mwenendo wa mwaka huo uishe nao.

Limebaki sanduku la maelezo, ambalo programu nyingi huliacha liwe la hiari. Ningelifanya la lazima, na juu yake ningeandika kwa herufi ndogo: nani alifanya nini, lini, wapi. Sentensi moja yenye kitenzi cha wakati uliopita inatosha. Chini yake ningeongeza la pili, "Maelezo ya mwanafunzi", ajaze mwenyewe kwa Kiswahili chake, na mwalimu asiruhusiwe kulihariri.